Mkanda na Mkono wa Kulia

Bibi mwenye mji alitoka ndani na kikapu kidogo chenye mfuniko, akaninyooshea. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna, zile buni zilizochemshwa kwa majani ya harufu nzuri kisha zikaanikwa, ambazo huku kwetu mgeni hupewa hata kabla hajaulizwa amefuata nini. Nilikuwa nimesimama uani kwake, hapa Songambele, na kamera iko mkono wa kulia. Mkanda wake nilikuwa nimeuzungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa shingo ilikuwa inaniuma tangu asubuhi. Kwa haraka nikanyoosha mkono wa kushoto.

Alikirudisha kikapu kifuani. Hakunikaripia, hakuguna, alisubiri tu, macho yake yakiwa kwenye ule mkono. Nikahangaika kuufungua mkanda, nikaiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, nikapiga goti kidogo na kupokea kwa mikono miwili. "Haya, mjukuu wangu, tafuna," alisema. Picha nilizompiga baadaye ninazo hadi leo. Kwa mwanga ni nzuri, maana jua la saa kumi na moja jioni lilikuwa linapenya katikati ya migomba. Lakini usoni mwake kuna kitu kimefungwa, na mimi najua kilifungwa na nani.

Tangu siku ile, kijana akiniuliza habari za kamera huwa natamani aanze kuniuliza habari za mkanda. Hawaanzi hivyo. Wanauliza lenzi gani, kampuni gani, megapikseli ngapi. Hayo ni maswali ya kubonyeza, na kubonyeza ni sehemu ndogo sana ya kazi hii. Harusi ya huku huanza alfajiri nyumbani kwa bibi harusi, anaposukwa na kupambwa, inakwenda kanisani, inatoka kwenda kupigiwa picha kilimani kwenye upepo, inaingia ukumbini au chini ya turubai uani, na muziki unalia hadi usiku mkubwa. Ukizijumlisha nyakati zote ambazo kidole kilikuwa juu ya kitufe, hazijazi robo saa. Saa nyingine zote kamera haipigi picha, inabebwa.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Canon 6D pamoja na betri yake ina gramu 770. Ukiifunga ile lenzi nyeupe ya milimita 70 hadi 200, yenye uwazi wa f/2.8, toleo la pili, umeongeza gramu 1,490. Hizo ni kilo 2 na robo, zinaning'inia mbele ya kifua na kugonga kila unapopiga hatua. Zimeshikiliwa na utepe wa nailoni wenye upana wa vidole viwili, ule unaokuja umekunjwa ndani ya boksi, na utepe huo wote unalala nyuma ya shingo. Shingo imeumbwa kubeba kichwa kikiwa kimesimama wima juu yake. Ukiitundikia kitu kwa mbele, misuli ya nyuma inavuta kutwa nzima ili usiiname, na jioni unapooga, maji ya moto yanakuonyesha kwa ukali mstari ulipopita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndiyo maana bwana harusi anashangaa mpiga picha akikaa chini saa tisa alasiri. Yeye anaona kitu cheusi kidogo kifuani mwa mtu.

Maumivu hayo yanaingia kwenye picha. Mtu ambaye shingo inamuuma hana subira. Anapiga harusi yote akiwa amesimama sehemu moja, anasahau kuchuchumaa alipo mtoto, anashindwa kungoja wale wazee wawili wamalize kucheka ili apate kile kicheko cha mwisho, ambacho ndicho cha kweli. Nimezipitia picha zangu za miaka ya mwanzo kwa mpangilio wa saa zilivyopigwa, na naweza kukuonyesha mahali ambapo bega lilichoka.

Watu wa huku hawakungoja kiwanda kiwafundishe kubeba. Mama anayepanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani huchukua majani makavu ya mgomba, akayasokota mduara, akapata ngata. Ngata haipunguzi hata gramu moja ya maji. Kazi yake ni kuueneza uzito ule ule juu ya eneo pana na laini, na kuizuia ndoo isiteleze. Pedi ya mkanda wa kamera ni ngata ya bega, basi. Ukiielewa ngata, huwezi kudanganywa dukani na pedi nene yenye urembo ambayo katikati yake imejazwa sponji laini mno: ukiibonyeza kwa kidole gumba na vidole vikakutana, bega nalo litaibonyeza hivyo hivyo, na baada ya saa moja utakuwa umevaa utepe mwembamba wenye matandiko. Pedi nzuri hukubali kidole kidogo, kisha hukataa.

Lakini shule kuu ni mbeleko. Mtazame mama mwenye mtoto wa wiki chache, wa kilo 3 au 4, uzito unaoizidi hata ile kamera yenye lenzi nyeupe. Anainama hadi mgongo unakuwa kama meza, anampandisha mtoto, anakitandaza kitenge juu yake. Kitenge kinapita chini ya makalio, kinafunika mgongo mzima wa mtoto, ncha zinakutana juu ya kifua cha mama na kusokotwa. Hakuna mahali panapokata nyama. Mtoto amebanwa kwenye mwili wa mama kiasi kwamba mama akiinama kupalilia maharage, mtoto anainama naye; haning'inii, hapigi pembeni kama kengele. Mikono yote miwili ya mama ina jembe. Nilihangaika miaka kadhaa madukani nikitafuta kitu ambacho dada zangu wamekivaa mbele ya macho yangu tangu nikiwa mtoto.

Ndipo nikaacha kutundika kamera shingoni, nikaanza kuvaa mkanda kwa mshazari: kutoka bega la kushoto, kupita kifuani, hadi kwenye nyonga ya kulia, kamera ikilala nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Uzito unatoka shingoni na kwenda kwenye bega na kiwiliwili. Urefu wake ndio unaosumbua wengi. Ukiachia mkono wa kulia uning'inie bila kujilazimisha, kiganja kinapaswa kuikuta kamera pale pale kinapoishia. Ukiurefusha zaidi ya hapo, kamera itagonga milango, na itagonga kitu kibaya kuliko milango. Huku kwetu mpiga picha hatembei peke yake; watoto wanamzunguka kuanzia anapoingia hadi anapotoka. Kamera inayobembea chini ya nyonga ya mtu mzima iko sawasawa na paji la uso la mtoto mdogo. Niliiona hatari hiyo kwa macho yangu mara moja, mtoto akaikwepa kwa upana wa kidole, na kuanzia hapo nikaufupisha mkanda wangu kwa matundu mawili.

Songambele iko Kyerwa tangu wilaya hii ilipomegwa mwaka 2012, lakini kwa wazee wetu sote bado ni Karagwe, na Karagwe ina kisa chake cha kamera ambacho nakifikiria sana nikiwa njiani. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliondoka Zanzibar kutafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alipewa kazi ya picha. Upigaji picha wa wakati ule ulitaka kioo kipakwe dawa, kitiwe kwenye kamera kikiwa bado kibichi, kisha kisafishwe papo hapo kabla hakijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alibeba pia kiza chake, hema dogo la kufanyia kazi hiyo, na ndani ya hema lile joto lilikuwa la kuua mtu. Speke aliandika hivyo waziwazi: angemwacha Grant aendelee, joto lingemmaliza. Kamera ikarudishwa pwani. Mwezi Novemba 1861 walipoingia Karagwe na kupokewa vizuri na Mukama Rumanyika, Grant alikuwa na penseli na rangi za maji tu, na michoro yake imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh.

Naipenda michoro ile, na bado najiuliza ingekuwaje kama mtu angekuwa amepata njia ya kuibeba kamera ile hadi Bweranyange, kwenye makao ya Rumanyika. Kwa mpagazi wa misafara ya karne ile, mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila 2, yaani kilo 30 na kitu. Wanyamwezi wengi waliubeba begani, na bega lao lilifanya sugu. Mapicha makubwa ya historia yana bega la namna hiyo chini yake, ambalo halijatajwa jina. Na kuna jambo jingine. Grant aliugua mguu akiwa Karagwe, akashindwa kutembea miezi kadhaa. Speke akatangulia Buganda Januari 1862, na Grant alipoondoka mwezi Aprili aliondoka amebebwa kwenye machela. Mtu ambaye kamera ilimshinda kubebeka akawa mwenyewe mzigo juu ya mabega ya watu. Sijui kama kuna mpiga picha aliyepata somo la kubeba kwa ukaribu kuliko huyo.

Miaka hamsini baadaye, Ujerumani, fundi mmoja aitwaye Oskar Barnack alikuwa na pumu na alipenda kutembea milimani. Kamera kubwa za vioo zilimkata pumzi. Akatengeneza ndogo inayotumia filamu ya sinema, na kampuni yake ikaiingiza sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Kamera tunazozitundika leo zimetokana na kifua cha mgonjwa. Watengenezaji walisikiliza mapafu, wakaliacha bega lijitafutie.

Langu lilijitafutia kwa fundi viatu. Anakaa senta, chini ya mparachichi, na vifaa vyake vinaenea kwenye sanduku moja la mbao: kisu kilichonolewa hadi kimebaki nusu, nyundo, sindano yenye mpini wa mti, bonge la nta, uzi wa nailoni. Nilimwendea baada ya mkanda wa bei rahisi nilioununua mjini kuachia kwenye ngazi za kanisa, utepe ukachanika penye kifungo chake cha plastiki na lenzi ikapasuka pete ya mbele. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, nataka mkanda wa kubebea hii." Aliichukua kamera kwa kiganja kimoja, akaipima kama mtu anavyopima kuku, akanirudishia. "Marahaba. Sasa tembea hadi bombani urudi, nikuone."

Nilitembea. Alinitazama bega, hakuitazama kamera. Niliporudi aliuvuta ule mkanda uliovunjika, akauangalia ncha zake. "Unaona, mwanangu? Katikati ni mzima kabisa. Mkanda haukatiki katikati, unakatikia kwenye maungo." Akanionyesha jinsi mashine ya kiwanda ilivyopitisha mshono mmoja ulionyooka kukata upana wa utepe, na jinsi utepe ulivyochanika kwa kufuata mashimo hayo hayo, kama karatasi iliyotobolewa ili ichanwe.

Wa kwake aliukata kwenye ngozi ya ng'ombe, vipande viwili. Sehemu ya begani ina upana wa vidole vinne. Kuelekea ncha inapungua polepole hadi upana wa kidole kimoja na nusu. Upande unaogusa mwili alitandika kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara tatu, akaeleza kuwa ngozi tupu juu ya shati la Jumapili huteleza, na nailoni huteleza zaidi, lakini pamba hushika. Kwenye maungo alirudisha ngozi juu yake yenyewe, akashona mraba, na ndani ya mraba akashona msalaba, ili mvuto usikae kwenye mstari mmoja. Kila tundu alilitoboa kwanza kwa sindano tupu, ndipo akapitisha uzi kutoka pande zote mbili na kuukaza kwa meno. Alipomaliza hakunipa. Aliulowesha maji, akautundika kwenye tawi na kufunga tofali mwishoni, akaniambia nije kesho. Ngozi mpya hurefuka, na alitaka irefuke mikononi mwake.

Mkanda ule nimeuvaa miaka mingi sasa. Pamba yake nimeibadilisha mara tatu kwa sababu ya jasho. Chumvi huchora mstari mweupe pembezoni, na isipooshwa hula uzi. Pete za chuma zinazounga mkanda na kamera, zile zilizojizungusha kama pete ya funguo, nazikagua kila Ijumaa jioni, maana ndizo zinazoliwa kimyakimya. Kuna mikanda ya kisasa inayofungwa kwa skrubu chini ya kamera, kwenye lile tundu la robo inchi la stendi. Ni mizuri na mkono unaifikia kamera haraka, lakini mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi huifungua skrubu polepole bila wewe kujua. Anayeutumia mkanda wa namna hiyo huku aongeze kamba nyembamba ya pili, iliyofungwa kwenye sikio la kamera, na kila anaposhuka aiguse skrubu kwa kidole kabla hajagusa kitu kingine.

Bodaboda ndiyo inayoamua begi pia. Begi la mgongoni ni zuri ukitembea kwa miguu, kwa kuwa mabega mawili yanagawana. Juu ya pikipiki inayopanda kilima linakuvuta nyuma, na mikono yako iko bize kushika chuma. Nimezoea kuligeuza likae kifuani, kati yangu na dereva, na mikanda yake yote ya ziada nimeifunga kwa uzi. Mkanda unaopeperuka karibu na gurudumu hauna tofauti na ncha ya kanga, na tunajua ncha za kanga zimefanya nini kwenye spoku. Nikifika, nalifungua na kutoa begi dogo la begani ninalofanyia kazi, ambalo linabaki nyonga ya kushoto muda wote. Kamera kulia, begi kushoto, kifua katikati.

Kuhusu hilo begi dogo nina msimamo. Liwe laini. Mwaka 1976 mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer huko Marekani, Jim Domke, alichoshwa na masanduku magumu yaliyomgonga mbavu, akashona mfuko wa turubai la pamba unaojipinda kufuata nyonga. Wapiga picha wa habari duniani wakaufuata. Uingereza nako, Martin Billingham alianza mwaka 1973 kwa kushona mifuko ya wavuvi, na miaka michache baadaye akagundua kwamba huko New York wanunuzi wake wengi walikuwa wapiga picha. Mvuvi na mpiga picha wote wanataka mfuko unaofunguka kwa mkono mmoja, wenye kifuniko kinachomwaga mvua, na usiolia. Langu limeshonwa kwa turubai zito, ndani nimekata sponji ya godoro kwa wembe na kuivalisha flana. Zamani mvua ikianza nilikuwa naitia kamera kwenye mfuko wa rambo. Baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ikabidi niwaze upya, na sasa kuna kipande cha kitambaa cha mwavuli uliovunjika, nimekishona ndani ya kifuniko. Nakivuta na kinafunika mdomo wote wa begi. Kifuniko hicho kimeokoa vitu vingine pia. Msimu wa senene, usiku, ukienda kupiga picha za wategaji chini ya taa zao kali, begi lililoachwa wazi dakika tano hujaa wadudu hadi kwenye kona za lenzi.

Lisilie, nimesema. Nilikuwa kwenye mazishi, padri ameomba kimya kwa ajili ya marehemu, upepo tu ndio unasikika kwenye migomba. Nikataka kutoa lenzi fupi. Begi langu la wakati ule lilifungwa kwa kile kitambaa cha kunatana, na kilipoachana kililia kama nguo inayochanwa. Mjane aligeuka. Jioni hiyo hiyo nilikibandua chote, nikaweka vishikizo vya mbao na vitanzi vya ngozi. Mtu akinunua begi leo, namwomba alifungue na kulifunga dukani akiwa amefumba macho, alisikilize, ajiulize kama angeweza kulifungua kaburini.

Na liwe zuri. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa kuwa wapo wanaodhani uzuri wa begi na mkanda ni anasa ya watu wa mjini. Mama aliyetoa gauni la hariri kwenye sanduku, akalipiga pasi ya mkaa, akatembea nalo kilomita nne ili apigwe picha na wanawe, amejitayarisha kwa ajili yako. Anapokukuta na mkanda uliochanika nyuzi, begi limeshonwa kwa waya, amekosewa heshima kabla hujasema "tabasamu". Lakini umaridadi ninaousema si kelele. Ule utepe wa kiwandani wenye jina la kampuni kwa herufi za rangi kali nauona haufai mara mbili: humtangazia mwizi stendi ya basi bei ya ulichobeba, na harusini unashindana na bibi harusi. Nina mikanda miwili. Mmoja umevalishwa kitenge cha rangi ya udongo na buluu iliyokolea, kwa ajili ya harusi, ubarikio na mahafali. Mwingine ni ngozi nyeusi tupu, kwa misiba. Kuubadilisha ni kazi ya dakika moja usiku wa kuamkia siku yenyewe, na ndani ya dakika hiyo ninakuwa nimeshakumbuka ninakokwenda.

Dada mmoja anayepiga picha za mahafali huko Kayanga alinifundisha jambo ambalo mwili wangu usingenifundisha. Mkanda wa mshazari, ninaousifu hivi, unapita katikati ya matiti na kuyatenga, na kutwa nzima macho ya wanaume yako hapo. Yeye anavaa mkanda wa mabega mawili unaokutana mgongoni, juu yake kizibao chepesi alichokishona mwenyewe, na kamera inakaa ubavuni. Mabega hayachoki na hakuna anayemtazama asivyotaka. Mikanda mingi inayouzwa imepimwa kwenye kifua cha mwanamume, na wasichana wanaoingia kwenye kazi hii wanadhani kasoro iko kwao.

Nikiwaza mikono, namkumbuka mpiga picha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi kwa kamera ya sanduku. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliamsha dunia. Mwaka 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka na kumkata mkono wa kushoto. Msaidizi wake wa sauti, John Mathai, alipoteza maisha pale pale. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea kubeba kamera hadi alipokufa kwenye ndege iliyoanguka karibu na Visiwa vya Komoro mwezi Novemba 1996. Huwa nawaza asubuhi yake ya kwanza na kamera baada ya hospitali: mkanda umelala kitandani, na yeye anafikiria kila tendo ambalo sisi tunalifanya bila kufikiri, kuuvusha juu ya kichwa, kuukaza, kuuachia. Sidhani kama kuna mtu aliyeujua mkanda wa kamera kuliko yeye asubuhi ile.

Jambo moja dogo kabla sijasahau: usihifadhi kamera ndani ya begi la ngozi lililofungwa msimu wa masika. Ngozi hutunza unyevu na kuvu huota kwenye kioo cha lenzi kama utando wa buibui. Iache kamera kabatini, mahali pa kupita hewa, na begi litundikwe wazi peke yake.

Mwezi uliopita nilirudi chini ya mparachichi kubadilishiwa pamba kwa mara ya tatu. Mzee alimaliza, akaung'ata uzi wa mwisho, na badala ya kunikabidhi akauvaa mkanda yeye mwenyewe, kamera na vyote, kwa mshazari, akasimama. Alitembea hadi bombani akarudi. "Umeniletea kazi hii miaka yote," akasema, "na hujawahi kunipiga picha hata moja." Ilikuwa kweli. Kamera ilikuwa imelala nyongani pake na sikutaka kumvua, kwa hiyo nikatoa simu mfukoni. Alijiweka sawa, akakung'uta vipande vya ngozi kwenye suruali. Hakuwa amezoea kusimama bila sindano wala nyundo. Kwanza aliiweka mikono nyuma, akaiona haikai vizuri, akaileta mbele, na hapo ndipo nilipobonyeza: kiganja kimoja juu ya kingine, viko wazi, na uzi mweusi bado umezunguka kidole chake cha shahada.